Ndoo Sita

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Sisi daftari tulikuwa nalo:
kaunta buku, kwaya mbili,
limevalishwa gazeti lisichafuke,
na habari hatukuwa nazo.

Mimi ni katibu wa Kimbunga, timu ya Mahuta.
Saini yangu ina mkia mrefu kama wa mjusi.
Imelala chini ya kila ukurasa.
Nalisema mapema, asije akalisema mwingine.

Malipo ya korosho yalipotoka
kila nyumba ilichangia.
Mzee Nang'unga alitoa elfu kumi,
naye mlango wake ni gunia.

Jumapili tukakutana darasa la nne B,
watu wazima kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigusa videvu.
Chilumba, mweka hazina, akasoma
kwa sauti ya mtu asiyetarajia swali:
gari la Newala, laki na nusu;
chakula cha wachezaji, wali kwa kuku;
dawa ya kuchua; posho ya mwamuzi;
kufua jezi, mara nane,
laki moja na elfu sitini.

Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni.
Hakuwa mjumbe. Alifuata beseni lake.
"Zilifuliwa na nani?" akauliza.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Maana mfuaji ni mimi.
Na maji ya Mahuta hayatoki kwenye hotuba.
Ndoo mia tano.
Jezi kumi na sita, bukta, soksi,
na hili vumbi lenu jekundu:
ndoo sita, hapo sijataja sabuni.
Mlinipa elfu tano. Nilifua mara tatu.
Mara ya nne mlicheza na uchafu wenu,
nilikuwepo uwanjani, niliwaona."

Golikipa Hamisi akaokota chaki.
Laki moja na elfu sitini,
toa elfu kumi na tano.
Jibu likakaa ubaoni, jeupe,
na hakuna aliyetaka kulifuta.

Hapo vinywa vikafunguka.
Dereva wa Kenta: yeye alipewa elfu tisini.
Winga wa kushoto: kuku gani?
Newala tulikula mihogo ya kuchoma,
tukachangishana wenyewe.

Chilumba akafunga daftari taratibu.
"Katibu alisaini," akasema.

Kweli nilisaini.
Alinikuta jioni nabangua,
vidole vimejaa mafuta ya maganda.
Hapa, akanionyesha, na hapa, na hapa.
Sikusoma. Nilikuwa na haraka ya nini, sijui.
Doa la dole gumba langu lipo mpaka leo,
kahawia, limeila karatasi.

Wala Chilumba si fisi.
Faraji alipovunjika mguu kule Kitama
ni yeye aliyelipa plasta, mfukoni mwake,
na hakuandika popote.
Hata wema wake haukuwa na risiti.
Sasa tutatoa nini, tujumlishe nini?

Wakamwomba Bi Somoe ashike fedha.
Akakataa.
"Cheo chenu sikitaki. Nataka beseni.
Ila hilo buku msilisome tena humu ndani,
mkasomeana nyie kwa nyie.
Lisomeeni kwenye foleni ya maji.
Pale watu hawana pa kwenda."

Basi kila Jumamosi, kabla ya jua kali,
nasimama kwenye kioski cha maji,
ndoo za njano zimepangana hadi barabarani,
nasoma.

"Sabuni, miche miwili, elfu sita."

"Kwa Mchopa mche ni elfu mbili na mia nane!"
sauti ya mwanamke, nyuma kabisa.

Nakata mstari. Naandika upya.
Natia saini, fupi siku hizi, haina mkia.
Foleni inasogea ndoo moja.
"Endelea," wananiambia.